Uliza Muuguzi: Vumbi la Boila Laweza Kurudi Baada ya Miaka Hamsini?

Mwezi huu nimepokea barua tatu kutoka kwa watu wasiojuana, na zote zinaulizia vumbi lilelile, la asbesto. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu mgonjwa yuko kitandani na muda wake ni wa thamani.

SWALI

Mama Muuguzi, salamu nyingi kutoka Jinja. Baba yangu ana miaka 77. Tangu Ramadhani iliyopita akitembea kutoka mlangoni hadi barabarani lazima asimame mara mbili kuvuta pumzi. Hospitali walimtoa maji kifuani, lita moja na nusu, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea. Wakasema ni TB. Amekunywa dawa miezi sita, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimpa, na hakukosa hata siku moja. Lakini maji yamerudi mara mbili. Anakohoa kikavu, nguo zinamlegea, na upande wa kulia anasema unambana kama mtu aliyebanwa na mlango.

Juzi alikuja kumjulia hali mzee mmoja waliyefanya kazi pamoja. Alipomwona tu akasema, "Hili ni vumbi la boila." Baba alikuwa fundi wa boila katika kiwanda kimoja hapa mjini toka 1969 hadi 1984. Sigara hajawahi kuvuta. Je, vumbi la miaka hiyo linaweza kumrudia mtu leo? Na sisi tunaokula naye sahani moja tuko salama? Mama ndiye aliyekuwa akimfulia ovaroli.

Binti wa Fundi, Jinja

JIBU

Binti yangu, pole na kuuguza. Barua yako nimeisoma mara tatu. Swali lako la kwanza jibu lake ni ndiyo: vumbi la 1969 linaweza kumlaza mtu leo. Huyo mzee mwambieni nimemshukuru, maana mtu aliyekuwepo anajua mambo ambayo hayamo katika faili la hospitali.

Boila la kiwanda linachemsha maji mpaka mvuke, na mvuke unasafiri kwenye mabomba. Ukiyaacha mabomba wazi, joto linapotea njiani na anayeyagusa anaungua. Kwa hiyo zamani yalivikwa asbesto. Asbesto ni jiwe linalochimbwa ardhini, ila jiwe lenyewe lina nyuzi kama katani, na haliungui. Fundi alimimina mfuko wa unga wake kwenye karai, akatia maji, akakoroga kwa mikono kama anayekanda unga wa chapati, kisha akalipaka bomba vilevile kama mtu anavyokandika nyumba ya udongo. Ukikauka unakuwa ukoko mgumu. Siku bomba likivuja, ukoko huo unapigwa nyundo uanguke, na hapo ndipo chumba kizima cha boila kinapojaa vumbi mithili ya ukungu wa asubuhi. Muulize baba yako alikuwa akifanyaje. Ukimwona anaanza kukoroga hewani kwa mikono yake akikuonyesha, basi umepata historia ambayo daktari anaihitaji.

Nyuzi za asbesto ni nyembamba kupita unywele mara nyingi sana. Hazionekani zikiwa hewani, na ukizivuta zinapenya mpaka mwisho wa mapafu. Vumbi la kawaida mwili unalitoa kwa makohozi. Hizi haziyeyuki na nyingine hazitoki kabisa. Zinakaa, zinachokoza nyama kwa miaka, na baadhi yake zinafika kwenye utando unaoyazunguka mapafu. Zinaweza kuleta makovu ndani ya mapafu, ugonjwa unaoitwa asbestosisi. Zinaweza kuleta saratani ya mapafu, na mvutaji sigara aliyefanya kazi kwenye asbesto hatari yake inapanda kupita kiasi. Zinaleta saratani ya koo la sauti na ya ovari pia. Na zinaleta mesotelioma, ambayo ni saratani ya ule utando wenyewe. Hii haihitaji sigara. Mtu asiyevuta maisha yake yote inampata vilevile, tena mara nyingi baada ya miaka 20 hadi 50 tangu alipovuta vumbi. Wengi wanaanza kama baba yako: maji kifuani upande mmoja, maumivu, pumzi fupi, kilo kupungua.

Sikuambii kwamba baba yako anayo. Siwezi kujua kwa barua, na hata daktari hawezi kujua kwa kumtazama. Nakuambia kwamba ni lazima itafutwe.

Na usiwakasirikie waliompa dawa za TB. Hapa kwetu Uganda, mtu akija na maji kifuani, TB ndiyo ya kwanza kufikiriwa, na ni haki, kwa sababu ndiyo inayopatikana mara nyingi. Tena vijidudu vya TB ni vigumu kuonekana kwenye maji ya kifua hata vikiwa vimo, kwa hiyo madaktari wengi wanaanza dawa kwa dalili tu. Kosa linaingia pale dawa zimeisha, maji yanarudi, na bado tunang'ang'ania TB. Rudi ukaulize swali moja: je, TB ilionekana katika kipimo chochote, au ilidhaniwa?

Hapa naomba nikuambie jambo langu. Nilifanya kazi miaka mingi katika wodi ya kifua. Kulikuwa na mgonjwa mmoja, mzee mpole, tulimtoa maji mara tatu. Mimi ndiye niliyejaza fomu yake siku alipolazwa. Kwenye mstari wa kazi nikaandika "mkulima", kwa sababu alikuja na jembe lililofungwa kwenye mzigo wake, zawadi ya mkwewe, na nilipomuuliza anafanya kazi gani alijibu, "Nalima." Alifariki. Nilikwenda kumzika, na pale matangani mjane wake akatuonyesha picha ya zamani: mume wake kijana, amesimama katikati ya rundo la mabati ya asbesto, msumeno mkononi, nywele na nyusi nyeupe pe kwa vumbi. Alikuwa amekata mabati yale miaka kumi na moja kabla ya kurudi shambani. Mimi nilimuuliza anafanya nini. Sikumuuliza alikuwa akifanya nini. Saratani yake ilikuwa ipi sitajua, kwa sababu hakuna aliyeitafuta. Toka siku ile, kila mgonjwa wangu nilimuuliza kazi zake zote tangu alipotoka shuleni, na wanafunzi wangu niliwalazimisha kufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo chukua karatasi leo, kabla hujapika. Andika: fundi wa boila, 1969 hadi 1984, alikoroga asbesto kwa mikono au hapana, alivunja ukoko wa mabomba au hapana, alikuwa na kitu cha kuziba pua au hapana. Karatasi hiyo itangulie mbele ya kila daktari. Mwombe daktari wa hospitali ya rufaa ya hapo Jinja amwandikie skani ya CT ya kifua, na aulizwe wazi kama utando unahitaji kukatwa kipande kikapimwe maabara. Maji peke yake yakipimwa mara nyingi hayatoi jibu; kipande cha utando ndicho kinachosema. Yaelekea watakutuma hospitali ya taifa ya Mulago, Kampala, na saratani ikithibitika, Taasisi ya Saratani ya Uganda iko palepale, toka 1967. Picha zote za eksirei za zamani nenda nazo, hata zile zilizokunjika.

Ikiwa ni mesotelioma, sitakudanganya. Mara nyingi haiponi. Dawa za sindano zipo, mbili zinazotolewa pamoja ni pemetreksedi na sisplatini, na zinaweza kuongeza miezi na kupunguza shida. Tangu 2020 nchi tajiri zinatumia pia dawa zinazoamsha kinga ya mwili, lakini bei yake ni kubwa sana kwa familia nyingi za kwetu. Hata wanaotibiwa vizuri, wengi wanahesabu mwaka mmoja au mmoja na nusu. Kwa mtu wa miaka 77, daktari anaweza kushauri kwamba sindano zitamchosha kuliko kumsaidia. Ushauri huo usiusikie kama amekatiwa tamaa. Maji yanayorudi yanaweza kuzuiwa: daktari anaweza kuingiza dawa ya unga kifuani ili utando ushikamane na maji yasipate pa kukaa, au kumwekea mpira mdogo wa kuyatoa nyumbani.

Na maumivu yana dawa. Hili naliandika kwa nguvu zote, kwa sababu nimeona wazee wakivumilia usiku kucha wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Uganda ina mofini ya kunywa, ya maji, inatengenezwa hapahapa na mgonjwa hatozwi. Toka Dokta Anne Merriman aanzishe Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza wagonjwa wasiopona, mwaka 1993, nchi yetu imekuwa mfano kwa Afrika, na wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kisheria kuiandika. Mofini inatuliza pia ile hali ya kukosa pumzi. Ni chungu mdomoni, mpe na kitu kitamu baadaye. Inafunga choo, kwa hiyo aandikiwe na dawa ya kulainisha. Mtu mwenye maumivu ya kweli akipewa kwa kipimo chake, ni nadra sana ageuke mlevi. Usimwache baba yako aumwe kwa ajili ya maneno ya majirani.

Sahani moja kuleni. Saratani hii haiambukizi, na vumbi lililomo kifuani mwake halitoki kwa pumzi likaingia kwenu.

Ovaroli za mama ni jambo jingine. Mke aliyekung'uta nguo za kazi alivuta vumbi lilelile, ingawa kidogo kuliko mume. Hili limeandikwa toka 1965 huko London, walipokuta wagonjwa ambao kazi yao pekee na asbesto ilikuwa kuwafulia watu wao nyumbani. Na kabla ya hapo, mwaka 1960, Dokta J. C. Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma, karibu wote wana uhusiano na machimbo ya asbesto ya buluu upande wa kaskazini-magharibi wa jimbo la Rasi (Cape). Baadhi yao hawakuwahi kushika sururu ya machimbo. Waliishi tu karibu walipokuwa watoto. Angalia tarehe hizo, binti yangu. Baba yako alipokabidhiwa karai 1969, jambo hili lilikuwa limeshachapishwa miaka tisa. Uingereza ilikuwa na kanuni za vumbi la asbesto viwandani toka 1931. Waliotakiwa kumwambia walikuwa na muda wa kutosha.

Wengi waliofua nguo hizo hawaugui kamwe, kwa hiyo mama asikose usingizi. Hakuna dawa ya kuzitoa nyuzi wala chai ya kuzisafisha, na anayewauzia anawaibia. Mama naye historia yake iandikwe kwenye daftari lake la hospitali, na akipata pumzi fupi au maumivu ya kifua yasiyoisha, aseme neno "asbesto" mapema.

Mwisho kwako: tafuta kadi yake ya kazi, barua ya kuajiriwa, hata picha ya wafanyakazi. Ugonjwa ukithibitika, nenda nazo kwa afisa wa kazi wa wilaya, kwa sababu madai ya fidia ya wafanyakazi yanapitia kwake. Huyo mzee mwenzake aandike ushahidi wake sasa, wakati yupo na akili yake timamu.

SWALI

Mama Muuguzi, mimi ni mjumbe wa kamati ya wazazi wa shule moja ya msingi upande wa Bombo. Madarasa manne ya zamani yameezekwa asbesto. Tumechanga pesa za kuweka mabati ya kawaida, na fundi anasema wakati wa likizo atapanda na vijana wake wayaangushe yale ya zamani kwa nyundo, vipande tujazie mashimo ya njia ya shule. Maji ya mvua ya paa hilo watoto wanakunywa toka zamani. Tufanye nini?

Mzazi, Bombo

JIBU

Ndugu yangu, mzuieni fundi leo. Nyundo hiyo ndiyo itakayowaletea hatari ambayo paa halikuwa nayo.

Bati la asbesto kwa kawaida ni saruji, na nyuzi zenyewe ni kama sehemu 10 hadi 15 kwa mia. Likiwa zima, halijapasuka wala kumomonyoka, nyuzi zimeshikwa ndani ya saruji na watoto wanaweza kusoma chini yake. Likikatwa, likitobolewa, likisuguliwa kwa brashi ya waya au likivunjwa, zinatoka. Na kulijaza kwenye njia ni kumpa kila mtoto na kila boda boda kazi ya kulisaga kila siku.

Nawajua watoto pia. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukiokota vipande vya bati hilo, tunavitupa kwenye moto wa takataka, tunakimbia, tunangoja mlio. Bati la asbesto likipata moto linapasuka kama risasi, na vipande vinaruka. Tulicheka sana. Vipande vikibaki uwanjani, hao wenu watacheza mchezo huohuo.

Kamati iandike barua kwa ofisi ya elimu ya wilaya na kwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, muulize taka hiyo itazikwa wapi na nani ana ruhusa ya kuibeba. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, apewe nakala ili vipande visije vikaonekana kwenye banda la kuku la mtu. Siku ya kazi pasiwe na mtoto shuleni, hata wa mwalimu anayeishi pale. Mabati yaloweshwe maji yenye sabuni kidogo, parafujo zifunguliwe moja moja, kila bati lishushwe zima kwa mikono, lisitupwe wala kuburutwa. Yafungwe kwa nailoni nene mara mbili na kuandikwa nje ni nini. Wafanyakazi wavae barakoa za daraja la FFP3. Zile tulizozoea wakati wa korona hazizuii nyuzi hizi. Sakafu isifagiliwe ikiwa kavu, ipanguswe kwa matambara mabichi, na matambara yafungwe pamoja na mabati. Nguo za kazi zisiende nyumbani.

Ndiyo, ni gharama kuliko nyundo. Kama pesa hazitoshi mwaka huu, acheni paa lilivyo, msiliguse, mchange tena mwakani.

Kuhusu maji, Shirika la Afya Duniani halijapata ushahidi wa kutosha kwamba asbesto inayonywewa inaleta saratani. Hatari iliyothibitika ni ya kuvuta hewani. Maji ya paa lililochakaa mimi ningeyatumia kupigia deki na kumwagilia miti, na ya kunywa ningechota kwingine kukiwa na kwingine. Ila tangi lenyewe msiingie kulikwangua likiwa kavu.

SWALI

Mama, mimi ni fundi wa breki pale Kisenyi, Kampala. Nasikia line za breki, zile zinazobana ngoma ya gurudumu, zina asbesto. Sisi tunapuliza ngoma kwa kompresa kila gari. Nina miaka 26 na nimeanza nikiwa na 17. Nimeshaharibikiwa?

Fundi, Kisenyi

JIBU

Mwanangu, hapana, usijihukumu. Line nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na nyingine zinazouzwa bila maelezo huwezi kujua zimo nini. Nyuzi nyingi zinaharibika kwa joto la breki, lakini si zote, na ukisugua line mpya kwa msasa unazitoa zikiwa nzima.

Kompresa iache kuanzia kesho. Chukua chupa ya kupulizia maji, tia sabuni kidogo, lowesha ngoma mpaka vumbi liwe tope, futa kwa kitambaa, kitambaa kifunge kwenye mfuko wa nailoni na kukitupa. Usikikung'ute ukutani. Line ukizisugua, zilowe kwanza. Nunua zilizoandikwa kwamba hazina asbesto, na mwenye gari mweleze kwa nini umeongeza bei. Ovaroli iache gereji, usiende nayo kwa mtoto. Kama unavuta sigara, acha. Kwa fundi wa vumbi hilo, hakuna jingine litakalomsaidia kama hilo.

Na yule kijana unayemfundisha kazi, mwenye miaka 17 kama ulivyokuwa wewe, mwonyeshe chupa ya maji kabla hujamwonyesha spana.